Wametufungia Wanafunzi, Tusijifungie Walimu

Tangu Januari 1, 2026, Mtanzania aliyepata nafasi ya kusoma Marekani hapewi viza ya kwenda kuanza masomo. Tangazo alilolitia saini Rais Donald Trump Desemba 16, 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza za kuhamia Marekani pamoja na viza za aina ya B, F, M na J, yaani za matembezi na biashara, za masomo, za mafunzo ya ufundi, na za programu za kubadilishana wanafunzi, wahadhiri na watafiti. Habari ilipotufikia iligeuka haraka kuwa suala la heshima. Kwenye makundi ya WhatsApp na vijiweni, kauli iliyopata wapenzi ni fupi: nasi tuwafungie. Wasije na kamera zao Serengeti, wasije kuwachukua watu wetu damu kwa jina la utafiti, wabaki kwao.

Hasira hiyo naielewa, ila naona imeelekezwa pasipofaa. Kama vijana wetu hawawezi tena kuzifuata maabara, maktaba na wasimamizi wa utafiti huko waliko, njia iliyobaki ni wenye ujuzi huo kuja huku. Kukaza vibali vya watafiti na wanafunzi wageni wakati huu ni kuwanyima vijana wetu hata hicho kilichosalia. Ninachotetea ni kinyume chake: kibali cha mtu kuingia Tanzania kufanya utafiti kiwe chepesi na cha haraka kuliko kilivyo sasa, na ukali wote tuuhamishie kwenye vinavyotoka, yaani sampuli, takwimu, masalia ya kale na haki ya kuandika matokeo. Kwa miaka mingi tumekuwa wakali kwa pasipoti na wapole kwa sanduku.

Kwanza tuelewane juu ya kilichoamuliwa, maana kimesimuliwa vibaya. Wapo wazazi walioamini kwamba watoto wao walioko Marekani watarudishwa. Tangazo halisemi hivyo. Viza zilizokwisha kutolewa kabla ya Januari 1 hazikufutwa, na mwanafunzi aliyeko huko ana haki ya kubaki hata kama viza iliyogongwa kwenye pasipoti yake imeisha muda, mradi yuko shuleni na masharti ya hadhi yake anayatimiza. Viza ni ya kuingilia tu. Kukaa kunaongozwa na kumbukumbu nyingine, ambayo chuo huihuisha kila anaposajiliwa. Tatizo lake ni kwamba hawezi kutoka. Akifiwa na mzazi, akaja Mbeya kuzika huku viza yake ikiwa imekwisha, ubalozini hatapata nyingine ya kurudia masomo. Na hata huo utaratibu wa kukaa kadiri masomo yanavyoendelea uko shakani, kwa sababu Agosti 2025 wizara yao ya usalama wa ndani ilipendekeza kuweka ukomo wa miaka minne, muda ambao wanafunzi wengi wa uzamivu huuvuka. Kwa hiyo walioko ndani wamebanwa na walioko nje wamefungiwa. Msamaha upo kwa wachache, wakiwemo wanamichezo wanaokwenda kwenye mashindano makubwa kama Kombe la Dunia. Mcheza mpira anaingia, mtafiti wa malaria haingii. Sina la kuongeza hapo.

Sababu iliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe ni ya kitakwimu. Limenukuu ripoti ya Marekani kuhusu wageni wanaopitiliza muda wao, likasema kiwango cha Watanzania wenye viza za matembezi na biashara ni asilimia 8.30, na cha wenye viza za F, M na J ni asilimia 13.97. Zambia, Zimbabwe na Malawi nazo zimewekwa kwa hesabu za namna hiyo hiyo. Wako wanaosema sababu halisi ni yaliyotokea kwenye uchaguzi wetu wa Oktoba 29, 2025, hasa kwa kuwa mapema Desemba Washington ilitangaza kwamba inapitia upya uhusiano wake na Tanzania. Inawezekana siasa imo, lakini mtu anayeieleza hatua hii kwa uchaguzi wetu peke yake anapaswa pia kueleza kwa nini Malawi, iliyofanya uchaguzi wake Septemba na chama tawala kikakubali kushindwa, imo kwenye orodha ile ile. Lawama zangu ziko kwenye hesabu yenyewe. Asilimia 13.97 ina maana kwamba 86 katika kila 100 waliondoka kwa wakati, na ripoti zenyewe huhesabu pia watu waliokwisha kuondoka, ila kwa kuchelewa. Nchi yenye wanafunzi wachache inaweza kupandishwa juu na kundi dogo tu: Guinea ya Ikweta, iliyowekewa vizuizi kamili Juni 2025, iliandikiwa asilimia 70.18 kwa viza hizo hizo za masomo. Kumwadhibu mwombaji mpya kwa kosa la asiyemjua ni uonevu hata ukiuandika kwa nukta mbili za desimali.

Sasa tuje kwa wanaotaka tulipize, na tuwape hoja yao kwa nguvu zake zote. Kulipana ni jambo la kawaida katika uhusiano wa nchi na nchi. Chad ilisimamisha viza kwa Wamarekani Juni 2025 ilipofungiwa, na mwisho wa Desemba Mali na Burkina Faso zikatangaza kuwawekea raia wa Marekani masharti yale yale. Hata sisi hatujaanza leo: Mmarekani anayekuja Tanzania kutembea hulazimika kuchukua viza ya kuingia mara nyingi kwa dola 100, wakati Mjerumani au Muitaliano hulipa dola 50. Nchi isiyojibu kabisa huonekana haina cha kupoteza wala cha kutetea, na mara nyingine jibu ndilo linalomleta mwenzako mezani. Hoja hii ina uzito, na kwa viza za wanadiplomasia au wafanyabiashara ningeweza kuikubali.

Kwa watafiti na wanafunzi inaporomoka, kwa sababu maumivu hayatatua Washington. Mtafiti wa Marekani anayekuja kwetu mara nyingi ni mtu mwenye mwenza wa Kitanzania kwenye andiko lake la mradi, wanafunzi wa uzamili wa Kitanzania wanaolipwa na mradi huo, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha hizo ikabaki kwenye taasisi zetu kama Muhimbili, KCMC au Sokoine. Fedha zenyewe tayari zimeyumba: Mei 2025 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilitangaza kusimamisha utaratibu wa vyuo vyake kugawa ruzuku kwa washirika wa nje hadi upatikane utaratibu mpya, na wengi walioajiriwa kwenye miradi ya hapa waliiona athari yake kwenye mishahara. Ukimnyima mtafiti huyo kibali, atalalamika, atabadilisha mada na atapandishwa cheo chuoni kwake kwa kazi nyingine. Atakayekosa sura ya tatu ya tasnifu yake ni kijana wa Kitanzania.

Kuna na kundi jingine ambalo wenye kauli ya kulipiza hawalikumbuki. Kwa kuwa sheria zetu hazijaruhusu uraia pacha, mtu aliyezaliwa Moshi, akasoma Tambaza, akahamia ng'ambo na kuchukua pasipoti ya Marekani, akija kufanya utafiti kwa mjomba wake huko huko Moshi huja kama mgeni. Mjadala wa hadhi maalum ya diaspora umekuwa ukijaribu kulitibu jeraha hilo. Marufuku kwa watafiti wenye pasipoti ya Marekani ingeanza na huyo, kwa sababu ndiye mwenye hamu kubwa zaidi ya kufanya kazi yake hapa na ndiye anayejua kuuliza maswali kwa lugha ya watu.

Tuangalie basi kibali chenyewe kinavyofanya kazi kwetu. Mgeni anayetaka kufanya utafiti Tanzania Bara huanzia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986. Anapeleka andiko la utafiti, wasifu wake, na jina la mwenyeji wa Kitanzania kutoka taasisi inayotambulika. Kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 50 za maombi na dola 300 za kibali, na kibali chenyewe ni cha mwaka mmoja. Kama utafiti unahusu afya ya binadamu, lazima kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iridhie; kama ni wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nao wana sauti yao; kama ni mifupa na mawe ya kale, kuna Idara ya Mambo ya Kale; kama ni hifadhini, kuna ruhusa ya hifadhi. Akivuka kwenda Unguja au Pemba anaanza upya, maana Zanzibar ina utaratibu wake. Akishapata hayo ndipo anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi Daraja C, kile kinachowakusanya wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea, kwa kuwa Daraja A ni la wawekezaji na B la walioajiriwa. Hapo kuna ada nyingine, picha nyingine na kusubiri kwingine.

Halafu kuna safari ya barua. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya wilaya moja pamoja na mwanafunzi wa uzamivu kutoka Ulaya, nikimsaidia lugha. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyonenepa: kibali cha Tume, barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambayo ilikuwa imezaa barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ambayo ilitakiwa izae ya kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na ya Mkurugenzi izae ya kata, na ya kata ya kijiji. Kila ofisi iligonga muhuri, ikabaki na nakala. Wote walimpokea kwa heshima, nalisema hilo bila kinyongo, na wote walisoma tarehe na saini. Hakuna aliyefungua ukurasa wa andiko lenyewe. Tulipofika kijijini, mtendaji, akiwa na kandambili na daftari la kurasa mia, akamuuliza swali ambalo ngazi zote za juu hazikuuliza: "Na majibu utatuletea lini?"

Swali hilo ndilo lililopaswa kuwa moyo wa sheria yetu, na historia inaeleza kwa nini. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuuacha ukanda ule na njaa na makaburi, wataalamu wa Kijerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa zama za kale. Mamia ya vibarua walichimba na kubeba mizigo vichwani na kwa mipiko, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu na fundi wa kuandaa mifupa alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo lingefaa kuwa kwenye vitabu vya shule. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mjusi mmoja alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na hadi leo watoto wa Kijerumani wanapelekwa kumwona, wakati mtoto wa Lindi anamwona kwenye simu. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba wale wataalamu hawakuingia kwa kujificha. Ruhusa zote walikuwa nazo, maana aliyezitoa na aliyezipokea walikuwa serikali moja. Ruhusa ya mtu ilikuwapo. Hapakuwa na mtu wa kukizuia kitu.

Tulipojitawala, serikali ilitaka kuufunga mwanya huo, na ilikuwa na haki. Baraza la kwanza la utafiti, UTAFITI, liliundwa mwaka 1968, na COSTECH ikarithi kazi yake. Lakini hofu ya dola juu ya mtu ilizidi kukua kuliko hofu ya dola juu ya kitu, na hapo nako kuna sababu. Jane Goodall alipotaka kwenda Gombe mwaka 1960, wakubwa wa Kiingereza walikataa msichana akae porini peke yake, akaja na mama yake. Miaka 15 baadaye, Mei 1975, waasi wa Laurent Kabila walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakateka watu wanne katika kituo hicho hicho cha Gombe, watatu kati yao wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford. Waliachiwa baada ya mazungumzo marefu na aibu nyingi za kidiplomasia. Baada ya tukio kama hilo, ofisa yeyote angetaka kujua mgeni yuko kijiji gani, analala wapi na anarudi lini. Ulinzi wa namna hiyo ni wajibu, wala siubezi. Ila ulinzi wa mtu unatosheka na taarifa: jina, mahali, simu, tarehe. Hauhitaji miezi ya kusubiri wala bahasha iliyonenepa.

Kwa upande wa vitu, jirani zetu Wakenya wana mfano mchungu zaidi ya Tendaguru, kwa sababu ulitokea wakiwa huru. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichukua vijidudu kutoka Ziwa Bogoria, ziwa la magadi na chemchemi za moto katika Bonde la Ufa. Kutoka kwa vijidudu hivyo kampuni ya Genencor ikatengeneza vimeng'enya vinavyotumika kwenye sabuni za kufulia na kwenye kuchakaza suruali za jinzi zipate ule weupe wa mitindo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, likadai sehemu ya mapato, likisema ridhaa yake haikuwapo. Upande wa pili ukajitetea kwamba vibali vya utafiti vilikuwapo. Yaani ugomvi haukuwa juu ya nani aliingia. Ulikuwa juu ya kile kilichotoka, kikafika maabara ya mtu wa tatu, kikauzwa. (Na baadhi ya jinzi hizo, bila shaka, zimeturudia kama mitumba Gikomba na Karume, nasi tumezilipia.) Hata Daraja C tano zisingezuia hilo, kwa kuwa kibali cha ukaazi kinaisha mtu anapopanda ndege, wakati kazi ya chupa aliyoibeba ndiyo kwanza inaanza.

Tunao mfano mzuri pia, nao ni wa kwetu. Fuvu la Zinjanthropus, alilolikuta Mary Leakey katika Bonde la Olduvai Julai 17, 1959, lilitoka nchini, likachunguzwa na mtaalamu wa Afrika Kusini, Phillip Tobias, kisha likarudi Dar es Salaam mwaka 1965 na kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Lilikwenda kama kitu cha kuazimwa, si cha kuchukuliwa. Wanaosema nchi maskini haiwezi kudai chake kirudi wakaliangalie.

Naijua hoja ya wenzetu wa upande wa pili, wale wasiotaka vibali kabisa. Sayansi haina mipaka, wanasema. Ugonjwa hauombi viza, kwa nini anayeutafutia dawa aombe? Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na husemwa zaidi na watu ambao pasipoti zao hazijawahi kukataliwa. Sayansi ina mipaka kila siku. Mwanafunzi wetu aliyetaka kwenda Boston ameujua mpaka huo tangu Januari 2026, na kabla ya kufungiwa alikuwa akilipa dola 185 za maombi ya viza na dola 350 za mfumo wao wa kuwafuatilia wanafunzi, bila kurudishiwa akinyimwa. Ujerumani humtaka mwanafunzi aweke kwenye akaunti iliyozuiwa karibu euro 12,000 za kujikimu mwaka mmoja kabla hajaiona. Uingereza humtoza pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa masomo, juu ya ada ya viza. Nchi zenye vyuo vikuu vikubwa duniani ndizo zenye masharti mengi duniani, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kibali ni adui wa elimu. Dada mmoja mtafiti aliniambia kwamba akihojiwa ubalozini huulizwa hadi idadi ya wadogo zake. Na sisi tuulize, ila tuulize yanayotufaa.

Hoja nyingine isiyosimama ni ya mapato. Tufanye hesabu ya ukarimu: hata wangekuja watafiti wageni elfu moja kwa mwaka na kila mmoja kulipa Tume dola 350, ni dola 350,000. Mradi mmoja wa wastani wa chanjo au wa ikolojia huacha nchini zaidi ya hizo kwa mishahara, mafuta na kodi ya pango. Ada kubwa humtisha mwanafunzi mwenye mkoba mgongoni na haimgusi kabisa mwenye ruzuku ya mamilioni, ambaye ndiye tungepaswa kumtoza. Na muda mrefu una hasara yake nyingine. Mwenye wiki tatu za likizo ya chuo, akikuta mlolongo unahitaji miezi, ana njia mbili: kuacha, au kushuka uwanja wa ndege wa KIA na kofia ya safari, viza ya matembezi mfukoni, na maswali yake ya utafiti kwenye simu. Mwaminifu ataacha. Anayebaki na kuingia ni yule tuliyeweka vibali kwa ajili yake, naye hajaandikwa popote, hana mwenyeji, na udongo uko kwenye begi lake.

Mabadiliko ninayoyaona yanawezekana bila kugusa Katiba wala kusubiri muongo. Kibali cha muda mfupi, tuseme hadi siku 90, kiombwe pamoja na viza ya mtandaoni kwa fomu moja, na majibu ya Tume, NIMR, TAWIRI na Uhamiaji yatoke mahali pamoja ndani ya siku zinazojulikana. Barua ya wilaya hadi kijiji iwe taarifa inayotumwa na mfumo, ili mtendaji ajue mgeni anakuja kabla hajamwona mlangoni. Wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki wasipewe fomu sawa na Mmarekani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010. Kisha ukali. Kila sampuli inayotoka iwe na mkataba wa kuihamisha unaotaja itatumika kwa nini, itarudi lini au itateketezwa lini, na nani anagawana nini ikigeuka bidhaa. Nakala ya takwimu ibaki nchini siku mtafiti anapoondoka, si miaka mitatu baadaye. Muhtasari wa matokeo uende kijijini kwa Kiswahili. Na asiyetimiza, asiadhibiwe yeye peke yake, maana hatarudi hata hivyo. Kifungiwe chuo chake, hadi kilipe deni la mtu wake. Chuo kikijua kwamba watafiti wake wengine 10 watakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya mmoja aliyekimbia na takwimu, kitamkumbusha chenyewe.

Sehemu kubwa ya haya tayari imeandikwa kwenye miongozo. NIMR ina utaratibu wa mikataba ya sampuli, na Tume hudai ripoti za maendeleo. Kinachokosekana ni watu wa kufuatilia. Ofisa anayetumia asubuhi yake kukagua kama picha ya pasipoti ina mandhari ya rangi inayotakiwa hawezi wakati huo huo kupiga simu kuuliza zile chupa 400 za damu ziko friji ya nani. Kuwahamisha maofisa kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili ni uamuzi wa kiutawala tu.

Turudi kwa kijana aliyekosa Boston. Kwa miaka mingi Sweden iliwasomesha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili kwa mtindo wa kwenda na kurudi: mwanafunzi anakaa miezi kadhaa kule, anarudi kukusanya takwimu huku, anakwenda tena kuandika, na msimamizi naye huja. Kwa vyuo vya Marekani, nusu ya mtindo huo sasa imekatika, lakini nusu ya pili iko mikononi mwetu. Profesa anaweza kuja kufundisha kozi ya wiki sita Morogoro, mwanafunzi wake Mmarekani anaweza kukaa mwaka mzima Ifakara akifanya kazi benchi moja na mwenzake wa hapa, na digrii ikatolewa na chuo chetu. Haitakuwa sawa na kukaa kule. Lakini kwa mtu mwenye miaka 28 na udhamini unaokwisha, ni tofauti ya kumaliza na kutomaliza.

Na tusidhani wageni hao hawana pengine pa kwenda. Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, nne ziko kwenye vizuizi vya Marekani: Somalia na Burundi tangu Juni 2025, Sudan Kusini na Tanzania tangu Januari 2026. Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zimebaki nje ya orodha. Nairobi tayari ni makao makuu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ina KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Tume yao ya sayansi, NACOSTI, hupokea maombi ya leseni za utafiti mtandaoni. Mkuu wa mradi wa miaka mitano anayeandika andiko lake mwezi huu anataka mahali ambapo wanafunzi wake wa Kiafrika wanaweza kwenda Marekani na wa Kimarekani wanaweza kuja. Kwa sharti la kwanza Tanzania imeshaondolewa, na hatukuulizwa. Kwa sharti la pili atatazama kibali kinachukua siku ngapi Nairobi na kinachukua siku ngapi Dar es Salaam, kisha ataandika jina la mji kwenye kisanduku.